Jani Lenye Vidole

Kwa miezi kumi Mama Miche aliishi kwa mwanawe bila kulipangua sanduku lake. Alikuwa akifungua zipu nusu, anachomoa gauni analolitaka, analivaa, analifua, na likishakauka analikunja na kulirudisha humo humo. Sanduku lenyewe, jeusi, gumu, la plastiki, lilisimama nyuma ya mlango wa chumba chake, magurudumu yakiwa tayari kwa safari. Mkwewe alimpa droo tatu za nguo. Mama Miche alishukuru, akazifuta vumbi, akaziacha tupu. Mtu aliyekuja kutibiwa macho kwa miezi mitatu ana haja gani na droo?

Miezi mitatu ndiyo aliyoambiwa. Mwanawe alimfuata nyumbani wakati mtoto wa jicho amekwisha kumziba macho yote mawili, watu anawajua kwa sauti na kwa mwendo. "Mama, twende ukatibiwe huko niliko. Miezi mitatu tu, unarudi kwenye miche yako." Akaenda. Akapasuliwa jicho la kulia, kisha la kushoto, na siku walipomwondolea bandeji alimwona mwanawe ameota mvi, akalia mbele ya manesi bila haya. Huo ulikuwa mwezi wa nne. Tangu hapo, kila akiulizia safari, jibu lilikuwa lile lile: daktari anasema tungoje kidogo. Daktari gani huyo asiyechoka kungoja? Namba za majirani zilikuwa kwenye simu yake ya zamani, na simu ya zamani, alivyoambiwa, ilikufa. Mama Miche akaanza kunusa kitu.

Huko kwao alikuwa na nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara, mkabala na tangi la maji. Mbele kulikuwa na kitalu cha miche, na pembeni mfenesi mmoja alioupanda kwa mkono wake mwaka aliohamia. Miaka thelathini aliuza miche: mipera, mipapai, michungwa, hata maua kwa wenye ua mpana. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Nyumba ile na mti ule ndivyo alivyovitaka. Alitaka kuambiwa kwamba vipo na vinamngoja, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo akimtazama usoni.

Mtu wa kushukiwa alikuwepo, tena alikuwa ndani ya nyumba. Mama hawezi kumshuku mwana aliyemnyonyesha. Mkwe yupo kwa kazi hiyo.

Na mkwe huyu kwa kweli alijitakia. Kazi yake, alivyodai, ilikuwa kuchapa picha kwa jua. Watu waliohama makwao walimletea majani: mmoja jani la mti wa shuleni kwao, mwingine tawi la ua la mama yake, lililosafiri ndani ya kitabu. Yeye aliyachapa kwenye karatasi, yakatoka meupe ndani ya buluu, na watu wakalipa na kwenda kuyatundika ukutani. Mama Miche alipoelezwa haya mara ya kwanza aliuma midomo. Mtu mwenye akili zake anatoa pesa ili aangalie jani?

Halafu kulikuwa na zile chupa mbili za kahawia zenye vifuniko vyekundu. Kulikuwa na glavu. Kulikuwa na kujifungia bafuni jioni, pazia limebanwa na taa hafifu kama ya kulelea vifaranga, brashi ikisikika inapita kwenye karatasi, shwa, shwa. Na zaidi ya yote kulikuwa na kabati la ukumbini, lililozungushiwa kitambaa cheusi ndani ya milango.

"Mama, samahani sana," mkwe alimwambia, "kabati hili tusilifungue mchana."

"Sawa, mwanangu," alijibu Mama Miche, na moyoni akasema: kinachoogopa mchana ni mwizi au mchawi, sasa huyu ni yupi?

Kisha yalikuja maswali. Mkwe alikuwa na daftari. Akipokea jani la mteja, anaandika: limetoka wapi, nani aliupanda mti, ulisimama upande gani wa nyumba. Siku moja, wakikunja nguo, akamgeuzia kalamu yeye. "Nyumba yako ina vyumba vingapi, Mama? Mfenesi uko upande gani? Mtu akitoka stendi anapita wapi?" Mama Miche alijibu kwa upole. Vyumba alisema vitatu. Anayetaka kuuza nyumba ya watu, alijiambia, na aanze na hesabu mbovu.

Tangu siku hiyo akakaa mguu sawa. Alitega sikio mlangoni. Aligundua kwamba akiingia jikoni, mwanawe anakata maneno na kufungua friji asiyotaka kitu ndani yake. Aligundua pia kwamba simu fulani mwanawe huzipokelea kibarazani, mlango ameuvuta nyuma yake, na akirudi hunawa uso. Yote hayo Mama Miche aliyaandika kwenye deni la mkwe. Huyo ndiye anayemtia mwanangu maneno, alisema, angalia kijana wa watu anavyokonda.

Ikafika asubuhi moja ambayo mwanawe alikuwa kazini kwake kwenye kutandika vigae vya sakafu na mkwe ameshuka dukani. Jua lilikuwa limetoka, jambo ambalo mji ule haukulifanya kila siku. Mama Miche alifungua kabati.

Alitegemea akute hati ya nyumba. Kama si hati, basi pembe au hirizi. Alikuta karatasi. Tupu, nene, zenye rangi ya maji ya ndimu, zimepangwa kwenye rafu kama mikate inayopoa. Aliziangalia mbele na nyuma. Akachukua moja akaenda nayo dirishani, kwa kuwa alikwisha kusikia habari za maandishi yasiyoonekana mpaka uyamulike. Akailaza kwenye kizingiti cha dirisha, akaikandamiza kwa mkono wa kushoto isipeperuke, akainama na macho yake mapya kuitafuta siri. Akatafuta kwa subira, dakika kadhaa. Na karatasi ikaanza kubadilika. Ile rangi ya ndimu ikageuka ya majani mabichi, kisha ya kijivu, pale pale machoni pake.

Mama Miche aliruka nyuma. Aliirudisha karatasi kabatini, chini kabisa ya zenzake, akaufunga mlango, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Mkwe aliporudi alimkuta amekaa kwenye kochi anatazama televisheni iliyozimwa.

Jumapili mkwe alifanya kazi yake kibarazani tangu saa nne: jani juu ya karatasi, kioo juu ya jani, vibanio pande zote, halafu kungoja jua. Kisha akaosha karatasi kwenye beseni na kuzitundika kwenye kamba ya nguo. Mama Miche alitoka chumbani kwenda kunywa maji, akapita chini ya kamba, akasimama.

Katikati ya majani ya watu palining'inia mkono wake. Mweupe kabisa ndani ya buluu, vidole vitano, na kidole cha mwisho kimepinda kama ndoana, vile kilivyopinda tangu mlango wa kitalu ulipokibana miaka mingi nyuma. Hata pete ilionekana, kivimbe kidogo ukingoni mwa kidole. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye mkono ule.

"Hii nimeikuta chini kabisa kabatini," alisema mkwe nyuma yake, "mteja wake sijamfahamu."

Mama Miche hakuwa na pa kuuficha mkono. Aliuficha tu mgongoni, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Unanicheka?"

"Siwezi, Mama." Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Ila karatasi nane zimeharibika, zilipigwa mwanga zote. Afadhali ungeniuliza."

"Nikuulize uniambie nini? Kila kitu chako kimefunikwa kitambaa."

Basi mkwe akamkalisha, akamwonyesha. Alimwonyesha kwamba dawa ile kwenye karatasi ni kama jicho: ikiona jua inashika, isipoona haishiki. Palipozibwa na jani hapaoni kitu, maji yanaiosha dawa, panabaki peupe. Palipopigwa na jua panakuwa buluu na hapatoki tena. "Na haikuzi wala haipunguzi, Mama. Jani likiwa la sentimita kumi, picha ni sentimita kumi. Likiwa na tundu la mdudu, na tundu utaliona. Hapa huwezi kulipamba jani."

Mama Miche alikipima kidole chake kilichopinda juu ya kile cha kwenye karatasi. Vililingana sawasawa. Alisikia aibu, na ndani ya aibu kitu kingine kilichomkera zaidi, kwamba alianza kumpenda huyu binti.

"Vyumba ni viwili," alisema ghafla.

"Nini, Mama?"

"Nyumba yangu. Nilikwambia vitatu. Nilikudanganya."

Mkwe alilifungua daftari, akafuta, akaandika. Na hapo ndipo lilipotoka: maswali yote yale yalikuwa kwa ajili ya mtu mmoja, muuguzi wa hospitali ile ile alikopasuliwa macho, mteja wake, aliyekuwa anakwenda likizo upande wa kwao. Mkwe alitaka amwombe apitie pale barabarani achume jani la mfenesi, wamchapie Mama picha yake. Alitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Sasa ilikuwa imeshatajwa, basi.

Jioni hiyo walimwambia mwanawe wakiwa mezani. Kijana aliweka kijiko chini.

"La nini?" alisema. "Jani linaoza njiani. Na huyo muuguzi ana mambo yake, msimsumbue."

"Jani la mteja wa juzi lilisafiri wiki tatu," alisema mkewe. "Halikuoza."

"Nimesema msimsumbue!" Akanyanyuka, akaenda kibarazani, na hapakuwa na simu iliyolia.

Mkwe alibaki mdomo wazi. Mama Miche alimtazama mkwe, akautazama mlango wa kibaraza, na kwa mara ya kwanza shaka yake iligeuza shingo na kuangalia upande mwingine. Aliirudisha haraka. Kijana amechoka, alijiambia. Vigae vinamaliza magoti. Lakini usingizi haukuja vizuri wiki hiyo, na chakula alikila kwa kujilazimisha.

Mkwe alimwagiza muuguzi hivyo hivyo, naye akarudi baada ya mwezi. Hakuja nyumbani. Bahasha aliiacha mapokezi hospitalini, imeandikwa jina la mkwe, bila salamu wala maelezo. Mama Miche alilishika hilo. Mtu aliyetoka nyumbani kwako huja kukaa, anakunywa chai, anakuhadithia nani amezaa na nani amejenga. Huyu ana nini asichotaka kuulizwa?

Jumamosi jua lilitoka. Mwanawe alikuwa na kibarua cha nusu siku. Ndani ya bahasha majani yalikuwa mawili, yamekauka na kujikunja kama tumbaku. Mkwe alikuwa ameyaloweka usiku kucha ndani ya taulo yenye maji ya uvuguvugu, na asubuhi, Mama akiwa bado anaoga, akalilaza moja kwenye karatasi, akabana kioo. Alimwita wakati wa kuosha. "Njoo, Mama. Hii uione inavyotoka."

Mama Miche alikuja amejifunga kanga, nywele zinadondosha maji. Alisimama juu ya beseni. Moyo ulimwenda kama wa bibi harusi, na alimwambia mkwe hivyo, wakacheka wote wawili. Mkwe alitikisa maji. Rangi ya kijivu ikaanza kuondoka, buluu ikaja polepole, na katikati yake likatokea jani.

Lilikuwa na vidole.

Vidole vitatu vinene, cha kati kirefu, viwili vya pembeni vimeinuka. Na lilikuwa kubwa, kubwa kuliko mkono wake, ambao sasa ulining'inia ukutani ndani ya fremu aliyouwekea mkwe. Mama Miche aliacha kucheka.

"Limechanika njiani," mkwe alisema. "Pole, Mama. Lile la pili sijalikunjua, huenda ni zima."

"Niletee."

Alilishika jani lenyewe mbele ya dirisha. Akapitisha ukucha kwenye yale mabonde kati ya vidole. Ukingo ulikuwa laini, umejiviringa wenyewe, na mshipa ulikwenda mpaka ncha ya kila kidole. Lile la pili lilikuwa hivyo hivyo.

"Halijachanika," alisema. "Limezaliwa hivi."

"Labda amechuma mti mwingine?"

"Ni mfenesi." Alikaa kwenye kiti taratibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemhudumia mteja kitaluni. "Mfenesi mkubwa jani lake ni zima, kama yai. Lenye vidole ni la mfenesi mchanga. Mche ukitoka ardhini unayo hayo, ukikua unayaacha. Nimeuza mimi, naijua kama watoto."

"Basi amechuma mche chini ya mti wako."

"Mche hauna jani kubwa hivi. Jani hili limepata nguvu kwenye mizizi ya miaka thelathini." Alilirudisha kwenye taulo, akalifunika. "Hili ni chipukizi la kisiki. Mti wangu wameukata."

Mkwe alifunika mdomo kwa mkono wenye glavu. Mama Miche alimtazama usoni kwa makini, kwa yale macho yaliyopona, akitafuta kama kuna uigizaji. Hakuuona. Huyu alikuwa hajui kitu. Miezi kumi alikuwa akimvizia mtu asiye na habari, na mwenye habari alikuwa akimkatia nyama kwenye sahani yake.

Mwanawe alirudi saa saba, suruali ina saruji magotini. Aliona karatasi ile imelazwa mezani, bado ina unyevu, na mama yake amekaa mbele yake amevaa gauni la kutokea.

"Soma," Mama Miche alisema.

"Mama, hii ni picha tu."

"Mimi nimeshaisoma. Nataka nikusikie na wewe."

Kijana alimtazama mkewe, na mkewe akageuza uso. Akavuta kiti akakaa. Alianza na daktari. Mama yake akanyanyua mkono. Akaanza na majirani; mkono haukushuka. Kisha akasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika. Aliuza. Aliyenunua ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anajenga ghala. Nyumba imebomolewa. Mti ulikatwa kupisha malori. Muuguzi aliyaona yote hayo, akampigia akamwambia yeye hawezi kuwa wa kumweleza mama wa watu.

"Nani aliweka saini?"

Kijana alianza kukwangua saruji gotini, na hapo Mama Miche akakumbuka. Kabla ya safari, mezani kwake, mwanawe alimshika mkono akauweka mahali pa kusaini. Hapa, Mama, ni fomu ya hospitali. Na hapa tena. Aliweka saini kwa furaha. Alimwombea hata dua.

"Ilikuwa kwa ajili ya macho, Mama," alisema kijana, machozi yanashuka kwenye vumbi la saruji. "Hospitali walitaka malipo kwanza. Sikuwa na kitu. Ungepofuka moja kwa moja."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!" Alipiga meza, karatasi ikaruka. "Ningekataa nikakaa kipofu kwangu. Kwangu hata bila macho nilijua mlango uko wapi, ndoo iko wapi, nani anapita barabarani. Sasa naona mpaka mchwa ukutani, na sijui niende wapi. Macho umenipa, baba. Umenipa niangalie nini?"

Mama Miche alinyanyuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Kisha wakaisikia zipu ya sanduku, na safari hii haikuishia nusu. Ilizunguka pande zote, mpaka mwisho.

Kijana aliukimbilia mlango. "Mama, unakwenda wapi? Mama, huna pa kwenda, tafadhali fungua!"

Mlango ulifunguka. Mama Miche alisimama na sanduku mkononi, na lilikuwa jepesi, linagonga gonga miguu yake. Nyuma yake nguo zote zilikuwa zimemwagwa kitandani. Alimpita mwanawe kama anavyopita kiti, akaenda mpaka ukumbini alikosimama mkwe, akaliweka sanduku chini na kulifunua kifuniko.

"Lile kabati lako linavuja mwanga pale kwenye bawaba," alisema. "Niliuona ufa siku ile ya wizi wangu, nikanyamaza. Hili halipitishi kitu. Weka karatasi zako."

"Mama..."

"Weka, mwanangu. Mimi silitumii tena."

Alirudi chumbani. Mwanawe alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni, na mama yake hakumwambia ingia wala toka. Alikunja gauni moja moja na kulipanga ndani ya droo. Zilienea zote kwenye droo ya juu. Mbili zilibaki tupu, akazisukuma zikafunga.